Je, wajua kwa nini ndege ya Maasai Mara haiondokei JKIA?

Mgeni anayetua Nairobi usiku akitokea Ulaya, na kesho yake ana safari ya Maasai Mara, mara nyingi hushangaa kuambiwa apande gari avuke mji hadi uwanja mwingine. Ameshatua Jomo Kenyatta, ndiyo hiyo JKIA. Mbona asiunganishe hapo hapo?

Jibu liko kule aendako. Viwanja vingi vya Mara ni vya murramu, yaani udongo wa changarawe, na nyasi, na jeti kubwa haigusi pale. Kinachogusa ni ndege kama Cessna Caravan, yenye injini moja na viti kumi na kitu, inayoshusha wawili hapa, kupakia watatu pale, halafu kuruka tena dakika chache hadi kiwanja kinachofuata, kama matatu inayookota abiria njiani. Kabla haijatua, dereva wa kambi hupita kwanza na gari kufukuza pundamilia. Ndiyo maana pia unaambiwa mzigo usizidi kilo 15, tena uwe begi laini: sehemu ya kuwekea mizigo iko chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu halikunjiki.

Ndege za namna hii makao yake ni Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata, uwanja unaopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Njia zake za kurukia ni mbili, kila moja ikiwa na urefu wa kama mita 1,500, wakati ile ya JKIA inapita mita 4,000. Zimeandikwa 07/25 na 14/32. Nambari hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa tarakimu ya mwisho, kwa hiyo anayetua kwenye 07 anaelekea nyuzi 70 hivi. Zinapishana kwa sababu ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, na ndege ndogo ndiyo inayosumbuliwa zaidi na upepo wa ubavuni. Jambo jingine ambalo abiria halioni ni mwinuko. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, bawa linabeba kidogo na injini inapungua nguvu. Mchana jua likikolea hali huwa ngumu zaidi. Ndege ileile ingeruka Lamu na mzigo ule ule kwa mwendo mfupi zaidi.

Na Wilson mwenyewe? Wengi hudhani ni bwana fulani, gavana au jemadari. Alikuwa mama. Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929 kwa fedha zake, akianza na kindege cha Gipsy Moth. Rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, ambaye mwaka 1931 alimwokoa Mjerumani Ernst Udet, rubani maarufu wa Vita vya Kwanza, aliyekwama nyikani upande wa Mto Naili. Miaka mitatu baadaye, Campbell Black na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya ndege ya London hadi Melbourne. Kampuni ya mama huyu ilibeba barua na abiria hadi pwani, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, mpaka vita vya 1939 vilipozuka na serikali kuchukua ndege na marubani wake. Haikufufuka. Uwanja uliendelea kuitwa Nairobi West hadi 1962, ulipopewa jina lake. Kwa maoni yangu, kibao kimoja pale langoni chenye sura yake kingewafaa wanafunzi kuliko matangazo mengi ya hoteli.

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo leo tunaijua kama Amref. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Wazo lao halikuhitaji uwanja mkubwa; lilihitaji ndege inayoweza kutua kwenye kijisehemu kilichofyekwa karibu na zahanati, na mahali pa kuipumzisha Nairobi. Mpaka sasa ndege zao za wagonjwa zinatoka Wilson.

Miraa, majani ya kutafuna, nayo ilipata njia pale Wilson kwa hesabu ya saa. Ikichumwa Meru, siku mbili tu zikipita imeshanyauka na bei imekufa. Kwa hiyo pikapu zilitoka Maua mbio, magunia yamefunikwa majani ya mgomba, mzigo ukapakiwa asubuhi kuelekea Mogadishu. Somalia ilipofunga soko Machi 2020, hadi Julai 2022, wakulima wa Nyambene, huko huko Meru, waliumia kuliko wenye ndege.

Abiria huona kaunta na mizani tu. Nyuma yake kuna karakana, mafundi, wauza vipuri, kikosi cha ndege cha polisi, klabu ya marubani iliyoanzishwa 1927, na shule ambako vijana wengi wa Kenya hujifunza kurusha ndege. Hapo ndipo penye tatizo: mwanafunzi anayezunguka na kutua tena na tena anagawana anga na ndege zilizojaa watalii. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na Dash 8 ya abiria juu ya mbuga. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Kuzihamishia shule nje ya mji kungepunguza msongamano, ila shule ikihama bila fundi na vipuri, kila ndege ikiharibika italala chini siku kadhaa, na gharama hiyo atalipishwa mwanafunzi.