Foklifti ya tani 2.5 haibebi tani 2.5 kila siku

Haya yafuatayo husemwa kuhusu foklifti, mashine za kuinua mizigo, magodaunini Mombasa kuanzia Shimanzi hadi Miritini, tena na madereva wakongwe.

"Imeandikwa tani 2.5, basi inabeba." Inabeba ikiwa kitovu cha uzito wa mzigo kiko umbali ulioandikwa kwenye kibao kilicho mbele ya dereva. Kwa mashine za kiasi hiki huwa ni milimita 500 kutoka pale meno (vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo) yanaposimama wima. Magurudumu ya mbele ndiyo egemeo. Tuseme kutoka egemeo hadi hapo meno yanaposimama ni milimita 450. Kreti ndefu ikipeleka kitovu hadi milimita 700, piga hesabu: 2,500 × 950 ÷ 1,150. Zimebaki kilo 2,065 hivi. Ukizidisha, nyuma inakuwa nyepesi, na magurudumu ya nyuma ndiyo ya usukani. Hapo ndipo makuli wawili huitwa wakalie mkia ili "kuisawazisha". Mashine ikirudi chini kwa kishindo, hao ndio wa kwanza kurushwa. Mzigo ugawanywe, au iletwe mashine kubwa.

Ukifunga kifaa kipya mbele, kama kile cha kubana marobota, kibao nacho kibadilishwe, maana kifaa chenyewe ni uzito.

"Ikiwa tupu haina hatari." Ikiwa tupu, uzito mwingi uko nyuma, kona moja ya kasi inailaza ubavu. Shusha meno hadi sentimita 15 hivi kutoka sakafuni.

"Ikianguka, ruka." Ukiruka, paa la chuma linakukuta chini. Baki ndani na mkanda umefungwa, shika usukani, kaza miguu, egemea upande usioangukia. (Mkanda uliofungiwa nyuma ya kiti ili alamu inyamaze haumsaidii mtu.)

"Rampu hupandwa kama gari." Mzigo ukae upande wa juu daima: panda mbele, shuka kinyumenyume. Ikiwa tupu, kinyume chake.

"Mwenye leseni ya lori hahitaji mafunzo." Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe maelezo, mafunzo na usimamizi. Cheti cha chuo hakijui foklifti iliyoko godauni lako, kwa hiyo dereva afundishwe na kupimwa juu ya hiyo hiyo. Na kila zamu aanze kwa kuangalia tairi, breki, honi, uvujaji wa mafuta, minyororo na visigino vya meno (pale yanapopinda): jino lililolika asilimia 10 ya unene wake hutolewa, haliungwi kwa kuchomelewa.