Kona ya baraza niliyoijenga na baba

Kila mwaka mwezi wa Shaabani ulipoingia, baba alitoa ndoo mbili, kopo la chumvi na brashi ya mkonge, tukaanza kuipiga nyumba chokaa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, Ngamiani, Tanga: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, baraza mbele. Nilipofika miaka saba nilipewa brashi yangu mwenyewe.

Chokaa peke yake ilikuwa darasa. Mawe yaliyotoka tanurini yakimwagiwa maji huchemka na kufoka, na baba hakuniruhusu kusogea mpaka yapoe, kwani tone moja likiingia jichoni linaunguza. Baadaye tuliichuja, tukatia chumvi ishike ukuta, na nili kidogo weupe wake ukolee. Ukiipaka mbichi huoni kitu, unadhani umepaka maji. Halafu inakauka, inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na kesho yake ukuta mzima unawaka jua.

Leo kazi yangu ni saikolojia ya mazingira, yaani kuchunguza namna nyumba, mitaa na miti inavyowagusa watu wanaoishi humo. Watu wakiniuliza mfano, huwapa ule wa mtafiti Roger Ulrich. Mwaka 1984 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache. Mfano huo ni mzuri, ila unamwonyesha mtu aliyelala akipokea tu kile ambacho jengo linampa. Mimi kinachonishughulisha zaidi ni mtu anayelibadilisha jengo, hasa akiwa mtoto.

Nilikuwa na miaka kumi baraza letu lilipopasuka. Baba hakumwita fundi. Alivunja sehemu iliyooza, akachanganya mchanga na saruji, kisha akaniambia, “Mama, kona hii yako. Unataka mtu akikaa hapa aone nini?”

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali kama hilo. Nilikaa chini nikajaribu. Nilitaka mgongo wangu uwe ukutani, na macho yafike mpaka njia panda. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikutana na hoja ya mwanajiografia Jay Appleton ya mwaka 1975: binadamu hupenda mahali panapomwezesha kuona bila yeye kuonekana sana, penye upeo mbele na kinga nyuma. Niliposoma nililiona baraza letu. Wazee wa pwani walikuwa wakilijenga wazo hilo kwa mawe na chokaa karne nyingi kabla halijaandikwa.

Kona yangu niliijenga mara tatu. Mara ya kwanza pimamaji ilikataa, mara ya pili ikabomoka. Baba angeweza kuchukua mwiko akamaliza kwa dakika tano, na naamini mikono ilimwasha. Hakufanya hivyo. Wala usiku, nilipolala, hakutoka kwenda kuirekebisha. Mara ya tatu ilikuwa imeinuka kidogo upande wa barabara. Alipanda juu yake kwa miguu miwili, akasema, “Imeshika. Tuendelee.”

Wazazi wanaokuja kwangu huwaeleza kisa hicho kwa sababu ya neno “imeshika”. Mtafiti Michael Norton na wenzake, katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2012, waliwapa watu masanduku ya IKEA, kampuni inayouza samani za kujiungia nyumbani, wayaunge wenyewe. Waliounga walikuwa tayari kulipa asilimia 63 zaidi kuliko waliopewa yaliyokwisha kuungwa. Lakini kazi ikiachwa nusu, au kitu kikivunjwa baada ya kukamilika, thamani hiyo ilipotea. Basi mtoto ukimwachia apake ukuta kisha ukaupaka upya mbele yake, umempokonya kile kitu chenyewe. Bora umpe kipande kidogo, cha kweli, akimalize.

Naye apewe uamuzi, si jasho tu. Kubeba ndoo za maji siku nzima kunamfundisha mtoto utiifu. Kuulizwa “aone nini” kunamfundisha kwamba mahali anapoishi panaweza kubadilika, na kwamba yeye ni miongoni mwa wanaopabadilisha. Mwanasaikolojia Harold Proshansky aliandika tangu miaka ya 1970 kwamba mahali ni sehemu ya jinsi mtu anavyojitambua. Mimi ningeongeza kuwa mahali ulipopagusa kwa mkono wako hukaa ndani zaidi.

Mpangaji ataniambia mwenye nyumba hataki hata msumari. Naelewa, nimepanga miaka mingi. Hata hivyo kitanda kinaweza kugeuzwa, pazia likashonwa, mche ukapandwa kwenye kopo, na mtoto akachagua upande ambao kichwa chake kitalala.

Mwaka jana kaka yangu alivunja baraza aweke vigae. Nilimwomba abakize kona ile, akaibakiza. Bado imeinuka kama upana wa kidole, na mzee akitoka kuswali alasiri hukaa hapo hapo, mgongo ukutani, akitazama njia panda.