Je, wajua kwa nini dawa inayomfaa panya aliyeumia ubongo humshinda binadamu?

Projesteroni, homoni inayojulikana zaidi kwa kazi yake ya kulinda mimba, iliwahi kutazamiwa kuwa tiba ya kwanza ya kweli ya jeraha la ubongo. Matumaini hayo yalianzia kwa panya: Donald Stein, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani, alibaini kwamba majike walipona vizuri kuliko madume baada ya kuumizwa ubongo, na majaribio mengi ya wanyama yaliyofuata yakaonyesha kuwa homoni hiyo hupunguza uvimbe. Hata hivyo, matokeo ya majaribio mawili makubwa ya binadamu yalipochapishwa mwaka 2014, moja likiwa na wagonjwa 882 na jingine karibu 1,200, waliopewa projesteroni hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na homoni hiyo.

Panya hakudanganya, bali aliulizwa swali jepesi mno. Katika maabara, mnyama kijana mwenye afya hutiwa nusukaputi, fuvu lake hutobolewa, kisha pistoni hugonga ubongo kwa kasi na kina vilivyopimwa, hivi kwamba panya wote huumia karibu sawasawa. Wagonjwa wa hospitalini hawafanani hivyo, kwa kuwa mmoja ameanguka ngazini akiwa mzee wa miaka 70, mwingine amegongwa na gari akiwa amelewa, na wa tatu anavuja damu tumboni pia. Isitoshe, ubongo wa panya una uzito wa gramu 2 hivi na uso wake ni laini, ilhali wa binadamu hukaribia gramu 1,400, una mikunjo mingi na nyuzi nyeupe ndefu ambazo hunyooka na kukatika kichwa kinapotikiswa kwa nguvu.

Kwa maoni yangu, hatua ya busara zaidi ilikuwa ile ya maabara kadhaa za Marekani, zikiongozwa na Patrick Kochanek wa Pittsburgh, kukubaliana kwamba kila dawa ijaribiwe kwa panya walioumizwa kwa njia tatu tofauti, kila njia katika maabara yake, ili dawa isisifiwe kwa ushindi wa mahali pamoja. Kati ya dawa tano za kwanza, ambazo matokeo yake yalitolewa mwaka 2016, nyingi zilifanya vibaya kuliko sifa zake za awali, na iliyoongoza ni levetirasetamu, dawa ya kifafa ambayo tayari inatumika hospitalini.

Hata hiyo panya walidungwa dakika 15 tu baada ya kuumizwa, muda ambao majeruhi wengi bado wamelala kando ya barabara wakisubiri gari la wagonjwa.