Mbwa wa Shambani na Afya ya Nyumba: Maswali na Majibu

Kaya ninayoifikiria ninapoandika haya iko Karatu, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro: ekari tatu za mahindi na maharage, mbuzi kumi na wawili, ng'ombe wawili wa maziwa, watoto wanne, mbwa watatu. Mbwa hao hawatulii. Asubuhi wawili wanatoka na mbuzi, wa tatu anabaki kuwafukuza nyani kwenye mahindi, na usiku wote wanazunguka zizi kwa sababu ya fisi. Mshahara wao ni ugali uliobaki na, siku ya kuchinja, matumbo. Maswali ya hapa chini ni yale ambayo watu wa kaya kama hiyo huniuliza siku za chanjo, boksi la barafu likiwa mezani na foleni ya mbwa ikitaka kuraruana.

Mbwa wetu amemng'ata kijana wangu mguuni wakigombea mpira. Ni mbwa wa nyumbani, tunamjua. Kweli twende hospitali?

Nendeni. Ila kabla ya hospitali kuna sabuni. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Ni nyingi kuliko unavyodhani. Weka saa ya simu, maana nimeona watu wakisugua dakika moja na kusema wameosha. Sabuni ya mche inatosha, ya unga inatosha. Kama hakuna bomba, mmoja amimine kwa kopo na mwingine aoshe. Virusi vya kichaa cha mbwa vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyokata mafuta kwenye sufuria. Ukimaliza, paka spiriti au ayodini, halafu anza safari siku hiyohiyo.

Mafuta ya taa, pilipili, unga wa kahawa, majani yaliyotafunwa: hivyo vyote viacheni. Vinachubua nyama na kumchelewesha mtoto nyumbani wakati mnasubiri "ivute sumu". Jeraha pia lisifungwe kwa kubana.

Hospitalini atachomwa chanjo kwa ratiba: siku ya kwanza kufika, siku ya 3, ya 7, na pengine nyingine baada ya hapo kutegemea ratiba wanayofuata. Usikatishe katikati kwa sababu kidonda kimepona. Jeraha likiwa limetoa damu, daktari ataangalia kama anahitaji pia dawa ya kinga ya moja kwa moja inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe. Ataulizia na pepopunda. Wazee bado wanawatisha watoto na sindano za tumboni. Zilikuwepo kweli, lakini ni habari za zamani. Siku hizi ni mkononi, na kwa mtoto mdogo pajani.

Na mbwa? Msimuue. Najua hasira ya mzazi, lakini mbwa aliye hai ndiye shahidi wenu. Mfungeni mahali salama, mpeni chakula na maji, mwangalieni kwa siku 10. Akifika siku ya kumi anakula na anabweka kama kawaida, basi siku ile ya kung'ata mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Ila sindano zianze. Zisingoje siku 10 ziishe.

Hakutoa damu. Ni mkwaruzo tu wa jino.

Mkwaruzo unahesabika. Unahesabika hata mbwa akilamba kidonda kilicho wazi, au mate yakiingia jichoni au mdomoni. Akilamba ngozi nzima isiyo na mchubuko, osha tu, hakuna sindano.

Sababu ya ukali huu ni moja: dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba ya kutegemea. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu kuanza, lakini inaweza kuwa wiki moja au mwaka. Kwa hiyo aliyeng'atwa mwezi uliopita akanyamaza, naye aende leo.

Nina mimba ya miezi mitano. Sindano hizo nitachomwa?

Utachomwa, mama. Mimba haizuii, kunyonyesha hakuzuii.

Mbwa wangu mate yanamtoka, mdomo haufungiki, sauti imebadilika. Nadhani ana mfupa kooni. Niutoeje?

Usiingize mkono. Soma tena: usiingize mkono.

Tumezoea kusikia kwamba mbwa mwenye kichaa hukimbia ovyo akimuuma kila anayekutana naye. Wapo wa hivyo. Lakini wapo wengine ambao ugonjwa huwapoozesha: taya linalegea, hawezi kumeza, mate yanajaa, anakaa kivulini kama mgonjwa wa kuhurumiwa. Mwenye mbwa anakunja shati, anamfungua kinywa, anapapasa koo kutafuta mfupa ambao haupo. Vidole vyake vina nyufa za jembe. Hapo hajang'atwa, na hakuna ambaye angemwita majeruhi, ila ameshagusa mate yenye virusi.

Ng'ombe hufanya vivyo hivyo. Analia sauti ya ajabu, udenda unamwagika, mfugaji anadhani kakabwa na kiazi au gunzi. Mnyama yeyote wa namna hiyo mtengeni, muiteni afisa mifugo. Msimchinje ili "kuokoa nyama", kwa sababu anayechuna ndiye anayejikata. Maziwa yake yamwagwe.

Mbwa wetu hawaendi popote, kazi yao ni hapahapa shambani. Chanjo ya nini?

Mbwa wako haendi, lakini mbweha anakuja, na mbwa wa jirani anakuja jike lako likiwa na joto. Mbwa wanaofanya kazi ndio wa kwanza kukutana na mnyama mgonjwa, maana kazi yao ni kumkabili mgeni wakati wengine wanamkimbia.

Hesabu ya chanjo ni ya kijiji, si ya mbwa mmoja. Wakichanjwa mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita na huzimika. Wakichanjwa 30, unaendelea tu. Pemba ni mfano wetu wa karibu: walichanja mbwa kisiwani mwaka baada ya mwaka hadi kichaa kikatoweka, kikaletwa tena kutoka nje, wakarudi kuchanja kikatoweka tena. Hakikuondolewa kwa kuwapiga mbwa risasi. Ukiua mbwa waliochanjwa, nafasi yao inajazwa na watoto wa mbwa ambao hawana kinga yoyote.

Ndiyo maana siku ya kampeni uwalete hata wale wadogo, mmebeba kwenye ndoo kama watoto wa Karatu wanavyofanya. Na kadi ya mbwa itundikwe mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wapo wanaocheka nikisema hivyo. Siku mtoto akiumwa na mbwa usiku, ndiyo karatasi ya kwanza mtakayoitafuta.

Tukichinja mbuzi, ini lenye malengelenge tunawatupia mbwa. Si ni afadhali kuliko kutupa?

Hili ndilo swali ambalo huwa silijibu kwa haraka.

Unaijua picha hiyo. Mbuzi amechinjwa kwa ajili ya wageni, anayepasua tumbo anakuta ini au mapafu yana vifuko vyeupe vya maji, kimoja kama punje ya mahindi, kingine kama yai. Anakata kile kipande, anapiga mluzi, mbwa anadaka hewani kabla hakijagusa chini. Kila mtu anaona jambo limekwisha.

Hapo ndipo linapoanza. Ndani ya maji yale kuna vichwa vidogo vya minyoo ya tegu. Vikifika utumbo wa mbwa vinakuwa minyoo kamili, mifupi mno, haifiki hata sentimita moja. Mbwa haumwi, anaendelea kukimbia na mbuzi. Lakini mavi yake sasa yana mayai yasiyoonekana kwa macho, yanadondoka malishoni, kwenye bustani ya mchicha, kwenye manyoya ya mkia wake. Mbuzi akila majani yenye mayai, anapata vifuko. Mtoto akimkumbatia mbwa kisha akala mhogo bila kunawa, naye anaweza kuvipata.

Kwa binadamu kifuko hukua polepole, miaka na miaka, zaidi kwenye ini na mapafu. Mtu anakuja hospitali na tumbo lililojaa upande mmoja, hakumbuki hata yule mbwa alikuwa na rangi gani. Tiba ni upasuaji au dawa za muda mrefu. Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ugonjwa huu uliwahi kupatikana kwa kiwango cha juu kuliko karibu popote duniani, na kwa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania haukosekani. Sababu ni hiyohiyo: mifugo, mbwa na watoto wanaishi mahali pamoja, na mbwa anakula matumbo mabichi.

Njia ya kuukata ni nyepesi. Ini na mapafu yenye vifuko vichomwe moto au yafukiwe shimo ambalo mbwa hawezi kulifukua, na tunajua mbwa wa shamba anavyofukua, kwa hiyo weka mawe juu. Matumbo mazuri unayotaka kuwapa yachemshwe yakiwa yamekatwa vipande vidogo, hadi yaive kabisa. Na dawa ya minyoo unayonunua iwe na prazikwanteli. Duka la mifugo likikupa dawa ya minyoo ya duara peke yake, tegu hawa hawataguswa. Uliza kwa jina.

Watoto wanalala na watoto wa mbwa. Wanaweza kupata minyoo?

Wanaweza. Kuna minyoo ya duara ambayo mtoto wa mbwa huzaliwa nayo, imemfikia tumboni mwa mama yake. Tumbo lile la mviringo tunaloliona la kupendeza mara nyingi si shibe. Mayai yake yakiingia kwa mtoto wako, minyoo michanga huzungukazunguka mwilini, na ikifika jichoni inaweza kumharibia macho. Wapeni dawa watoto wa mbwa wakiwa na wiki mbili, kisha kila wiki mbili hadi waache kunyonya. Mama yao apewe pia. Mavi yaokotwe kwa jembe na kufukiwa mbali na bustani. Mayai yakitoka hayaambukizi palepale, yanahitaji wiki moja hadi nne kwenye udongo, kwa hiyo anayefagia kila asubuhi yuko mbele yake.

Mahindi yaliyoota ukungu tunasaga kwa ajili ya mbwa na kuku. Kuna ubaya?

Upo. Sumukuvu haitoki kwa kupika. Mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaumiza haraka: anakataa chakula, anatapika, macho yanageuka manjano, anakufa. Watu huniambia mbwa wamelogwa na jirani, nami naomba kwanza nione gunia.

Sumu hiyohiyo, mwaka 2004, iliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zaidi, na 125 wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo mbwa akiugua hivyo, unga wa familia nao usiguswe mpaka mjue umetoka gunia lipi. Na usimpe ng'ombe wa maziwa pumba hizo. Sumu inapita kwenye maziwa.

Mbwa wetu siku hizi wanawarukia watoto na kuwabana miguu. Wamekuwa wakali?

Niliposikia hivi kwa mama mmoja nilimuuliza mbuzi wako wapi. Walikuwa wameuzwa kulipa ada. Mbwa aliyezoea kutembea kutwa nzima alikuwa amefungwa mnyororo chini ya mwembe, akifunguliwa saa mbili usiku. Sasa watoto wakikimbia, yeye anawachunga: anawazunguka, anawabana visigino, kama alivyokuwa akiwafanyia mbuzi. Si ukali, ni kazi iliyokosa pa kwenda. Lakini jino ni jino.

Mpeni mwendo asubuhi kabla watoto hawajaamka: kijana aende naye kuteka maji, kukata majani. Mnyororo wa kutwa ndio unaotengeneza mbwa mkali. Watoto nao wafundishwe mambo machache: mbwa anayekula asiguswe, aliyelala asishtuliwe, mwenye watoto wachanga asisogelewe. Akikurukia, simama kama mti, usikimbie. Na mtoto anayetambaa asiachwe peke yake na mbwa, hata yule mbwa mzee mnayemwita babu.

Mwanangu ana pumu. Niwaondoe mbwa?

Kama kifua kinabana kila akimkumbatia mbwa, mbwa asiingie ndani na asilale kitandani, na umpeleke mtoto kliniki. Kama hakuna uhusiano huo, usikimbilie kuwagawa. Utafiti mkubwa wa Sweden uliotoka mwaka 2015 ulikuta watoto walioishi na mbwa mwaka wao wa kwanza walipata pumu kidogo pungufu walipofika umri wa shule, na waliokulia na mifugo ya shamba pungufu zaidi. Hiyo haimponyi aliyekwisha kuipata. Jikoni kwenye moshi wa kuni ndiko ningeanzia mimi.

Viroboto na kupe vimetuzidi. Nimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho ya ng'ombe?

Si kwa kipimo cha ng'ombe. Baadhi ya dawa za josho hutumika kwa mbwa zikiwa zimechanganywa kwa kiasi chake, nyingine ni hatari kwake, na chupa zinafanana. Njoo na chupa nisome. Ukiogesha, vaa glovu, fanya kwenye upepo, mfunge mbwa mpaka akauke ili asijilambe, na watoto wasimshike siku hiyo. Kopo la kupimia lisirudi jikoni. Wakati huohuo fagia na umwagie maji sakafu ya udongo anapolala, kwa sababu funza wanaoingia vidoleni mwa watoto wanakulia kwenye vumbi lilelile, na mbwa huwabeba kati ya kucha zake.