Maji yalitoka huku, kwa nini dola ilizaliwa Misri?

Kila kundi la wanafunzi linapofika mbele ya ramani ya Mto Naili katika jumba letu la makumbusho, swali huwa lile lile. Mmoja wao hufuatisha mto kwa kidole kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania, kisha hugeuka na kuuliza: "Mwalimu, kama maji yanatoka huku kwetu, kwa nini piramidi ziko kule?" Swali hili nalipenda kuliko yote, na huwa naumia muda wao unapokuwa mfupi, maana jibu lake linahitaji kukaa kitako. Hapa nafasi ipo, basi acha nilijibu kwa kituo.

Kwanza turekebishe ramani yenyewe. Ni kweli Naili Nyeupe hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, na maji yake hutiririka mwaka mzima bila kukatika. Lakini mafuriko yaliyoilisha Misri chanzo chake kilikuwa kwingine. Kama asilimia 85 ya maji ya Naili hutoka nyanda za juu za Ethiopia, kupitia Naili ya Buluu, Atbara na Sobat, na sehemu kubwa huteremka katika miezi michache ya mvua, Juni hadi Septemba. Yakiteremka hubeba udongo mweusi wa milima ile ya volkano. Kwa sababu ya tope hilo Wamisri wa kale waliiita nchi yao Kemet, Nchi Nyeusi. Jangwa lililowazunguka waliliita Deshret, Nchi Nyekundu. Shamba la Mmisri lilikuwa udongo wa Ethiopia uliosafirishwa na mto mpaka mlangoni kwake.

Ziwa Victoria nalo halikuwa hivi siku zote. Takriban miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Mvua ziliporudi lilijaa, likamwagika upande wa kaskazini, na Naili ikafurika kwa nguvu. Watu walioishi kandokando yake wakati huo walikuwa wawindaji, wavuvi na waokota mbegu za majani ya porini, wala hawakuwa na shamba wala chifu tunayemjua. Tusidhani kwamba maisha yao yalikuwa ya amani tupu. Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan, yalifukuliwa makaburi ya watu 61 waliozikwa zaidi ya miaka 13,000 iliyopita. Mifupa ya wengi wao, watoto wakiwemo, ina alama za mishale na mikuki. Baadhi ya majeraha yalikwisha kupona kabla mtu yule yule hajajeruhiwa tena. Mimi nayasoma makaburi yale kama habari ya watu waliogombea sehemu chache zenye samaki na wanyama kwa miaka mingi, si vita ya siku moja.

Kisha zikaja nyakati nzuri. Kwa maelfu ya miaka Sahara ilikuwa mbuga. Palikuwa na maziwa, viboko na twiga, na watu waliochora hayo yote kwenye miamba. Wafugaji walizunguka humo na ng'ombe wao. Nabta Playa, kilomita 100 hivi magharibi ya Abu Simbel, walichimba visima virefu, wakazika ng'ombe kwa heshima na kusimamisha mawe kwa mduara. Leo hapo ni mchanga mtupu. Mvua zilianza kurudi nyuma kuelekea kusini, kizazi baada ya kizazi, na kufikia mwaka 3500 KK hivi nchi ile ilikuwa imekauka. Wafugaji walisogea kusini, au walishuka bondeni kwenye mto.

Bondeni walikuta wenzao ambao tayari walikuwa wakilima. Ngano na shayiri zilikuwa zimefika kutoka nchi za Mashariki ya Kati, na kule Fayum, katika milenia ya 5 KK, watu walihifadhi nafaka kwenye mashimo yaliyotandikwa mikeka ya majani. Vihenge vile vimefukuliwa pamoja na miundu yao ya mbao yenye meno ya gumegume. Ningeomba msomaji azingatie vihenge hivyo, kwa sababu nitavirudia.

Bonde lenyewe ni jembamba. Kusini mwa Cairo, sehemu nyingi mtu anaweza kulivuka kwa miguu katika asubuhi moja, na ng'ambo zote mbili ni jangwa. Mvua karibu hainyeshi. Lakini kila mwaka, mwishoni mwa Juni, mto ulianza kupanda pale Aswan, ukafunika mashamba Agosti na Septemba, kisha ukashuka. Sisi tunagawa mwaka kwa masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Wao walikuwa na misimu mitatu ya miezi minne minne: Akhet, wakati wa mafuriko, Peret, wakati ardhi inapochomoza na mimea kuota, na Shemu, wakati wa mavuno.

Wakulima waligawa bonde kwa matuta ya udongo likawa majaruba makubwa. Maji yakiingia waliyafungia humo kwa wiki kadhaa, tope likatuama na ardhi ikanywa ikashiba, ndipo wakayafungulia yashuke kwenye jaruba la chini au yarudi mtoni. Mbegu zilimwagwa juu ya tope na mifugo ikapitishwa ili izikanyage. Maji yaliyoondoka yaliondoka na chumvi. Wenzao wa Mesopotamia, kati ya mito Tigri na Frati, hawakupata urahisi huo. Mito ile hufurika majira ya kuchipua kwa theluji inayoyeyuka milimani, wakati shayiri inakaribia kuvunwa, kwa hiyo ilibidi wajikinge na mafuriko, kisha wapeleke maji mashambani kwa mifereji msimu mwingine, na chumvi ikabaki ardhini.

Wanahistoria wa Kigiriki waliiita Misri zawadi ya Naili. Msemo huo unapendeza, lakini unamsahau mtu mwenye jembe. Mto ukipanda kidogo tu, mashamba ya juu yalikosa maji na watu wakalala njaa. Ukipanda kupita kiasi, ulibomoa matuta, ukazoa vijiji na kuchelewesha kupanda. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliandika vipimo vyake: dhiraa 12 ni njaa, 13 bado ni upungufu, 14 ni furaha, 15 ni utulivu wa moyo, 16 ni raha tele. Tofauti kati ya njaa na raha ilikuwa dhiraa nne.

Dhiraa hiyo wazee wetu wa pwani wanaijua, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na nguo zilipimwa kwayo. Dhiraa ya kifalme ya Misri ilikuwa na viganja 7, au vidole 28, kama sentimita 52 na nusu. Kipande cha jiwe kinachohifadhiwa Palermo, Italia, kimeandikwa kumbukumbu za wafalme wa mwanzo mwaka kwa mwaka, na chini ya kila mwaka kuna kimo cha mafuriko kwa dhiraa, viganja na vidole. Aliyejua kimo cha maji mwezi wa Agosti aliweza kukadiria mavuno ya miezi minane mbele. Aliweza pia kukadiria kodi.

Hapo ndipo jibu langu lilipo. Mwanaanthropolojia Robert Carneiro alieleza mwaka 1970 kwamba dola za kwanza huota pale watu walipozingirwa. Mkulima wa nyanda za Maziwa Makuu akidhulumiwa na mkubwa wake, alivuka kilima, akakata msitu mwingine, na mvua ilimkuta huko huko. Mkulima wa Naili angekwenda wapi? Nyuma yake ni mchanga. Tena chakula chake ni nafaka, inayoiva kwa wakati mmoja, mbele ya macho ya watu, na kujaa kwenye kihenge ambacho karani anaweza kukihesabu. Kiazi kikuu hukaa ardhini na humhifadhia mwenyewe siri yake. Bunyoro, Buganda na Rwanda zilijenga falme zao baadaye sana, kwa njia nyingine, na akili za watu wake hazikupungua chochote.

Maandishi yenyewe yalianza kwa hesabu hizo. Mwaka 1988, Günter Dreyer na wenzake walifukua kaburi la mtawala mmoja pale Abydos, la karibu mwaka 3200 KK, wakakuta vibandiko vidogo vya mifupa na pembe za ndovu, kila kimoja na tundu la kupitisha uzi. Vilifungwa kwenye bidhaa. Vina tarakimu, na alama zinazoonekana kuwa majina ya mahali mali ilikotoka. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo duniani, na ni stakabadhi. Kama miaka 600 baadaye, mkuu wa kikosi aitwaye Merer aliandika kwenye mafunjo jinsi watu wake walivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza, kwenye piramidi ya Khufu. Pierre Tallet na wenzake walizipata karatasi hizo Wadi al-Jarf mwaka 2013.

Mafuriko yalipopungua karibu na mwaka 2200 KK, serikali ya wajenzi wa piramidi ilidhoofika, na magavana wa majimbo wakajitegemea. Mmoja wao, Ankhtifi, aliandika kwenye kaburi lake kwamba kusini yote ilikuwa inakufa kwa njaa, watu wanakula watoto wao, ila wa jimbo lake aliwalisha.

Bwawa Kuu la Aswan lilianza kuzuia maji mwaka 1964, na mafuriko ya kila mwaka yakakoma Misri. Wakulima wa bonde sasa hununua mbolea. Udongo wa Ethiopia unatuama katika Ziwa Nasser.