Umebadilishiwa nyonga na unafuatiliwa kwa simu? Soma hii kabla hawajaanza kukukanda

Kubadilishiwa nyonga ndo nini?
Daktari anatoa kichwa cha mfupa wa paja kilichoharibika pamoja na kikombe chake, anaweka vya bandia. Wengi ninaowaona ni wazee walioteleza bafuni wakavunjika, na vijana wenye selimundu ambao mfupa umekufa kwa kukosa damu.

Simu inasaidia nini sasa?
Inasaidia sana, manake mtu kapasuliwa Dar na kwao ni Tunduru, huwezi kumwambia kila wiki apande basi siku nzima na mguu mbichi. Kwa vidio kolo naona anavotembea na woka, namsahihisha mazoezi, na naona asichotaka kuniambia. Kuna bibi mmoja wiki ya 3 ananihakikishia anakaa kwenye kiti kirefu tu, mjukuu akateleza na simu kidogo, nikaona mbuzi ya nazi na kifuu kimeshakunwa nusu. Nikamuuliza bibi, hiyo nazi anakuna nani? Akacheka. Mimi sikucheka, pale chini goti linapanda juu kuliko nyonga na ndo hivo nyonga bandia inavochomoka. Mpaka daktari wako akuruhusu, mara nyingi wiki 6 hadi 12, hakuna kigoda, hakuna kukunja nne, choo cha kuchuchumaa wekea kiti cha plastiki kilichotobolewa, na swala ni kwenye kiti.

Kigimbi kimevimba kinauma. Wanikande na maji ya moto?
Hapana. Wala mafuta ya kuchua, wala yule mama wa mtaa wa pili mwenye mkono mzuri. Baada ya opresheni hii damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na ukichua unaweza kulisukuma hilo bonge likapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anakata pumzi mnamwangalia. Mguu kuvimba kidogo jioni na asubuhi umepungua ni kawaida. Kigimbi kigumu, cha moto, kinauma ukigusa, nenda hospitali leo ukapigwe ultrasaundi.

Nimeshatuma picha na voisi kwa daktari, si nisubiri ajibu?
Usisubiri! Hili linanichosha jamani. Meseji imetumwa saa nne usiku, mi naiona asubuhi, naambiwa "tulikuwa tunasubiri utuelekeze". Simu sio hospitali. Kigimbi kikivimba hivo, kifua kikibana, pumzi ikikata, ukikohoa damu, nyonga ikiuma ghafla na mguu ukawa mfupi umegeuka, unaenda kwanza, meseji utatuma ukiwa njiani. Tena nyonga ikichomoka asiuvute mtu yeyote, na msimpakize bodaboda, tafuteni gari alale.

Hata kama mguu umevimba ila hauumi sana?
Hata kama. Bonge la damu halina adabu ya kuuma kwanza.

Si nilipewa dawa za kuzuia damu kuganda?
Ulipewa, ukaacha ulipoanza kutembea, wengi ndo mnavofanya. Kwa kawaida zinaenda kama wiki 4 mpaka 5. Zikiisha kabla ya muda ulioandikiwa piga simu siku hiyohiyo, hapo sasa simu ndo kazi yake. Na hata ukizimeza zote, kigimbi kikivimba bado unaenda.

Picha ya kidonda nipigeje?
Mchana, karibu na dirisha, bandeji ikiwa imeshatolewa na nesi wakati wa kusafisha. Nimetumiwa picha za bandeji nyeupe safi mtu anauliza "kinaendeleaje?" Na tafadhali, ule unga wa kapsuli mnaopasua mkamwaga juu ya kidonda, acheni, unaziba nisione chochote na wala hautibu. Ukiona usaha, maji yasiyokoma, wekundu unaosambaa au homa, picha haitoshi, nenda.

Nina kitochi tu, nifanyeje?
Kupigiana kawaida kunatosha kwa mengi. Siku ya mazoezi azima simu ya jirani, iegemezeni kwenye sufuria ili uonekane mzima kuanzia kichwani mpaka miguuni, na muwe mmeweka bando kabla, manake kila mara inakata ukiwa umenyanyua mguu nusu.