Kaunti ya Jones, Mississippi: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Wazungu wote wa Kusini waliliunga mkono Shirikisho, yaani majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo.
Si kweli. Jones ni kaunti ya misitu ya misonobari, na mwaka 1860 watumwa walikuwa takriban asilimia 12 tu ya wakazi wake, kiwango cha chini kuliko kaunti nyingine yoyote ya Mississippi. Wakulima wadogo walimchagua John H. Powell awe mjumbe wao, akapinge Mississippi kujitenga. Alipofika Jackson, mji mkuu wa Mississippi, Januari 1861, akaunga mkono kujitenga.

Dhana: Waliotoroka jeshi walikuwa waoga.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Oktoba 1862 Shirikisho lilipitisha sheria iliyomsamehe mzungu mmoja asiende vitani kwa kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Mkulima aliyejilimia mwenyewe hakupata nafuu hiyo. Mwaka 1863 ikaja kodi ya sehemu moja ya kumi ya mazao, huku wake za wakulima waliokwenda vitani wakibaki na watoto, wakitazama mahindi na farasi vikichukuliwa. Newton Knight, aliyekuwa akihudumia wagonjwa jeshini, aliondoka akarudi kwao. Oktoba 1863 Meja Amos McLemore, aliyekuja kusaka watoro, alipigwa risasi akafa ndani ya nyumba ya Amos Deason mjini Ellisville. Siku chache baadaye wanaume wakaunda kikosi, Knight akawa kapteni. Walijificha kwenye vinamasi vya mto Leaf, wakiitana kwa baragumu. Mwoga angekimbia mbali. Hawa walibaki kupigana milangoni mwao.

Dhana: Ilikuwa habari ya wazungu peke yao.
Rachel, mtumwa wa ukoo wa Knight, hukumbukwa kwa kuwapelekea watoro chakula na habari. Na kutoka Mississippi nzima, zaidi ya watu weusi 17,000 walipigana upande wa Muungano, yaani serikali ya Marekani iliyopigana na Shirikisho.

Dhana: Jones ilijitangazia jamhuri yake.
Hakuna hati ya tangazo hilo iliyopatikana. Habari hiyo ilisambazwa na magazeti mwaka 1864. Knight mwenyewe, alipohojiwa mwaka 1921, alishikilia kwamba Jones haikuwahi kutoka katika Muungano.

Dhana: Kanali Robert Lowry wa jeshi la Shirikisho aliwamaliza watu wa Knight.
Aprili 1864 aliwasaka kwa mbwa na kuwanyonga kadhaa. Wengine walikimbilia New Orleans wakajiunga na jeshi la Muungano, Knight hakukamatwa. Mwaka 1865 watiifu kwa Shirikisho walifanya kaunti iitwe Davis, kwa heshima ya Jefferson Davis, rais wao aliyeshindwa. Miaka michache baadaye jina la Jones likarudishwa.